Bwalo Likigeuka Ukumbi wa Dansi

Saa mbili na robo usiku bwalo lilikuwa limeshachangamka. Kidato cha sita wametawala katikati, kidato cha tano wameacha kuegemea ukuta, hata matroni alikuwa akitikisa kichwa pale mlangoni. Ghafla wimbo ukakatika, ukaingia mlio wa simu, na kabla DJ hajawahi waya, spika mbili kubwa zikatangaza kwa bwalo zima: “Baba Salma, hela ya mchele umeiacha wapi?”

Wanafunzi walicheka dakika kumi. Mkuu wa shule hakucheka. DJ tuliyemlipa kwa michango ya wazazi alikuja na simu moja, ile ile anayopokelea wateja na mkewe, akaichomeka kwenye miksa, basi. Mwaka ule ndio nilikabidhiwa ulezi wa burudani katika shule yetu ya bweni, na tangu usiku ule nimekuwa na daftari. Haya ninayoandika yametoka humo, kwa ajili ya mwalimu, mzazi wa kamati au kiranja aliyeambiwa wiki hii, “Wewe ndiye utashughulikia muziki.”

Nianze na kauli ambayo wenzangu wengi huipinga: muziki wa sherehe ya shule asiachiwe DJ. DJ ni fundi. Anajua vifaa vyake na anajua kuunganisha nyimbo. Hajui kwamba kidato cha pili wana jaribio Jumatatu, kwamba nusu ya waliomo ukumbini wana miaka 14, wala kwamba mwezi uliopita mlimzika mwanafunzi mwenzenu na kuna wimbo mlioimba makaburini. Shule ndiyo inayojua. Kwa hiyo shule ndiyo iandike saa ya kuanza, saa ya kumaliza, nyimbo na mpangilio wake. DJ aje kuupamba mpangilio huo.

Orodha haitungwi usiku wa sherehe

Wiki tatu kabla, tunaweka boksi nje ya bwalo. Kila mwanafunzi anaandika nyimbo tatu: mbili anazotaka zipigwe na moja ambayo hataki kuisikia. Hiyo ya tatu ndiyo yenye faida. Humo ndimo utagundua kuwa wimbo uliodhani unapendwa na wote umewachosha tangu Pasaka, au kwamba kuna wimbo wanaoutumia kumtania msichana fulani kwa umbo lake. Mambo hayo huwezi kuyapata kwenye chati ya redio yoyote.

Kisha inakaa kamati ya watu sita: mwalimu mlezi, matroni, kiongozi wa burudani na wanafunzi watatu, wawili wao wasichana. Wanasikiliza kila wimbo hadi mwisho. Nasisitiza hadi mwisho kwa sababu ubeti wa kwanza wa nyimbo zetu huwa na adabu za ukweni. Balaa hukaa ubeti wa pili. Na walimu tusijidanganye kuwa tunakijua Kiswahili chote. Lugha ya mtaani hubadilika kila muhula, na jina la chakula au la pikipiki laweza kuwa limeshahamia chumbani bila sisi kuarifiwa. Waulize wanafunzi wa kamati maana yake. Wakianza kutazamana, wimbo huo uondoe.

Wimbo kuwa midomoni mwa watu si kibali. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilifungia “Mwanza”, wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz, kwa sababu ya maneno yake, ukiwa umeshaenea mitaani. DJ asiyefuatilia habari angeweza kuupiga kwenye mahafali wiki ile ile, mgeni rasmi akiwa mbele, na barua ya maelezo ingeandikwa na mkuu wa shule, si na yeye.

Ila usiwe mwalimu wa kufuta kila kitu chenye ngoma. Nimemwona mwenzangu akifuta singeli yote kwa hoja kwamba uchezaji wake hauna staha, kisha Jumamosi akasimama kupiga makofi kikundi cha sindimba kilipozungusha viuno mbele ya wageni. Sindimba ni urithi wa Wamakonde, singeli ni ya vijana wa Manzese na Tandale. Viuno ni vile vile. Chuja maneno, ndiyo. Aina nzima ya muziki wanaoupenda watoto ukiifungia, wataipiga bwenini kwa spika ya kubebea mkononi, saa saba usiku, na ubeti wa pili ukiwemo.

Hesabu yake ni nyepesi. Sherehe ya saa tatu ina dakika 180. Toa 40 za michezo, matangazo na tuzo, zinabaki 140. Wimbo wa siku hizi ni dakika tatu hivi, kwa hiyo utatumia nyimbo 45 au zaidi kidogo. Andaa 70, ili DJ awe na pa kuchagua lakini asitoke nje ya uwanja. Zote zipakuliwe mapema kwenye kompyuta au flashi, na flashi ya pili ikae mfukoni mwako. Anayepiga nyimbo moja kwa moja kutoka mtandaoni atakwamishwa na bando, na kabla bando halijaisha atakuwa ameshawatangazia watoto kampuni ya kubeti katikati ya wimbo.

Namna ya kupandisha na kushusha

Nusu saa ya kwanza hakuna anayecheza. Usihangaike, wala usimwache DJ ahangaike. DJ mgeni akiona sakafu tupu hutapatapa na kutupa nyimbo zake nzuri zote mwanzoni, na ikifika saa mbili hana akiba. Kipindi hicho piga nyimbo za kasi ya kati zinazojulikana, watoto waingie, watafute marafiki zao, wachekane nguo. Kinachovunja ukimya ni wimbo ambao hakuna anayehitaji mwenzake ili aucheze. “Jerusalema” ya Master KG na Nomcebo, iliyotoka mwishoni mwa 2019, ilifanya kazi hiyo dunia nzima mwaka uliofuata, baada ya kikundi cha vijana wa Angola kujirekodi wakiicheza kwa mistari huku wameshika sahani za chakula. Watu wanasimama safu, hatua ni zile zile, mvulana hamwombi msichana na msichana hamkatai mvulana. Wafundishe viranja kumi hatua za wimbo mmoja wa namna hiyo wiki moja kabla. Wakiingia kati hao kumi, utaona ukuta unabanduka wenyewe.

Kuanzia hapo pandisha. Bongo Fleva, halafu amapiano yenye mapigo 110 na kitu kwa dakika, halafu singeli. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, nyingine hufika 300. Kijana wa miaka 17 anaiweza. Bwalo la mabati lenye feni mbili haliiwezi. Nyimbo tatu mfululizo zinatosha, kisha washushe: tuzo ya vazi bora, mchezo wa kukimbilia viti, shairi, vichekesho vya dakika tano, na maji ya kunywa. Maji yawe ya bure, tena yawe ndani ya bwalo. Mwanafunzi anayetoka nje kutafuta maji gizani ni kazi mpya kwa mlinzi.

Kipande cha walimu usikisahau. Baada ya mapumziko piga sebene moja na zilipendwa mbili, na walimu waingie kati. Watoto watapiga kelele kuliko walivyopigia wimbo wowote, na ni kipindi kizuri cha kupumua kwa wale waliochoka.

Kuhusu bluzi, wale wa rika langu tunakumbuka taa zikizimwa na DJ akipunguza kasi. Shuleni taa hazizimwi. Muziki wa taratibu upigwe, hauna kosa, ila uwekwe mwishoni, na uwe wimbo wa kuimba pamoja. Hii ni siri iliyonichukua miaka miwili kuigundua: usimalize kwenye kilele. Ukikata muziki singeli ikiwa imepamba moto, umewatoa vijana 150 gizani na miili inayochemka, na ugomvi wa mabwenini utaanzia njiani. Dakika 15 za mwisho shusha kasi, dakika 10 za mwisho washa taa zote, wimbo wa mwisho uwe ule wanaoujua wote kwa moyo. Wataondoka wakiimba, na wataimba hadi kitandani, ambako patroni atawanyamazisha bila fimbo.

Siku na saa nazo zina watu wake. Ijumaa usiku na Jumamosi mchana utawaacha nje wanafunzi Wasabato. Jumamosi baada ya jua kuzama wote wanakuja. Ramadhani na Kwaresima zipishe. Msikiti ukiwa jirani, waambie watoto mapema kwamba adhana ya Isha ikianza muziki unazimwa, na panga tangazo au tuzo iangukie dakika hizo. Tukifanya hivyo hatupokei malalamiko. Mwaka tuliosahau tulipokea ugeni wa wazee watano asubuhi yake, na walikuwa na haki.

Sherehe yenye mada

Siku hizi kila shule inataka usiku wenye mada, na mada ni nzuri kwa sababu inaipa kamati mpaka: mnajua nguo, mnajua mapambo, mnajua na muziki. Kosa letu la kwanza lilikuwa “nyeupe na dhahabu”. Picha zilipendeza. Lakini wasichana walipiga simu nyumbani kuomba gauni, na nyumbani kwingine hakukuwa na gauni wala hela ya gauni. Usiku ule wanafunzi kumi na mmoja “waliumwa tumbo” wakabaki bwenini. Tangu hapo tuna sharti moja: mada isimlazimishe mtoto yeyote kununua nguo.

Usiku wa zilipendwa unatimiza sharti hilo, maana nguo zake zimo masandukuni mwa babu na bibi. Shati la kola ndefu, pekosi, bugaluu, na kwa mwenye bahati, raizoni za shangazi. Mwalimu wa historia anaweza kuongeza utamu kwa kuwasimulia Operesheni Vijana, pale Umoja wa Vijana wa TANU ulipoanza, Januari 1969, kuzipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana mitaani Dar es Salaam. Watoto hufurahi sana kusikia kwamba babu naye aliwahi kukimbizwa kwa ajili ya mavazi.

Muziki wa usiku huo una ugumu wake. Nyimbo za dansi za miaka ya 1970 ni ndefu, nyingine dakika saba au nane, na zina sehemu mbili: mwanzo wa taratibu unaosimulia kisa, kisha chemko, pale magitaa yanapochangamka na watu wanapoinuka. Kijana aliyezoea wimbo wa dakika tatu atakata tamaa kabla kisa hakijafika nusu. Kuna njia mbili. Ama DJ aanzie kwenye chemko, ama, na hii naipenda zaidi, mtu mzima mmoja asimame na maiki asimulie kisa kwa nusu dakika kabla wimbo haujaanza: nani anamlilia nani, na kwa nini. Ukishajua kisa, mwanzo wa taratibu unakuwa mtamu. Wataje na wanamuziki wenyewe. NUTA Jazz iliyoanzishwa 1964 ndiyo mama wa Msondo Ngoma ya leo. Mlimani Park, wana Sikinde, walianza 1978. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Shuleni kwetu, mkoa ule ule wa Morogoro, jina lake likitajwa, wapishi hutoka jikoni.

Usiku wa Pwani nao hauna gharama: kanga, kanzu, kofia, vikuba vya asumini vikipatikana. Hapa waulize wanafunzi wa Tanga, Pwani na Visiwani kabla hujaandika orodha, maana wa bara tuna tabia ya kuichanganya taarabu yote chungu kimoja. Taarabu asilia, ya vikundi kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, ni ya kuketi na kusikiliza. Iweke wakati wa chakula. Rusha roho ndiyo inayoinua watu vitini. Lakini rusha roho ni muziki wa vijembe. Wasichana wawili waliogombania ndoo Jumanne watakuwa na wimbo wao, na mmoja ataucheza akimgeukia mwenzake kidole juu. Matroni ajue nani hawasemezani wiki hiyo, kisha ndiyo apitishe orodha.

Jambo la kutunza pia lifikiriwe. Taarabu bila kutunza haina ladha, na noti shuleni hatuzitaki. Sisi tulikata karatasi za rangi, kila mwanafunzi akapewa tano mlangoni, akamtunze anayempenda: mwimbaji, mchezaji, hata mpishi. Aliyekusanya nyingi alipewa zawadi. Ilikuwa ni kazi ya mikasi ya saa moja, na hakuna tulichowahi kukipanga kilichochekesha kiasi kile.

Siku ya ngoma za asili ni bora ifanyike mchana, nje. Ngoma haihitaji umeme, vumbi ni sehemu yake, na wazee wa kijiji wanaweza kuja kufundisha kwa malipo ya nauli na chakula. Maiki moja kwa mwimbaji kiongozi yatosha. Ngoma yenyewe usiiwekee maiki, inajitosheleza.

Spika, waya na masikio

Kwa bwalo la mita 20 kwa 10 na wanafunzi mia moja na kitu, spika mbili za inchi 15 zenye amplifaya ndani yake zinatosha. Zipandishwe kwenye stendi, juu ya vichwa. Spika iliyowekwa chini huwaumiza wa mbele na haiwafikii wa nyuma, na DJ hujibu kwa kuongeza sauti. Maiki zikae nyuma ya spika, kamwe zisisimame mbele yake. Ule mluzi unaowafanya wageni wazibe masikio ni sauti ya spika inayorudi kwenye maiki na kutoka tena. MC anayependa kuzunguka na maiki ukumbini ndiye huuleta.

Soketi ya kawaida ya amperi 13 hubeba wati 3,000 hivi. Muziki na taa ndogo haziimalizi. Vinavyoimaliza ni birika la chai na pasi, ambavyo kila kimoja chaweza kula wati 2,000, na siku ya sherehe kila mtu anataka kunyoosha nguo na kuchemsha chai. Muziki upewe soketi yake, jikoni kwake, pasi bwenini. Waya wa kuongezea ukiwa kwenye gurudumu, uukunjue wote hata kama unahitaji mita tano tu, kwa kuwa waya uliojikunja hupata joto na waweza kuyeyuka. Asubuhi ya siku yenyewe tazama Luku ina yuniti ngapi. Naandika hilo nikiwa na aibu, maana nilishawahi kusahau.

Jenereta la akiba likae nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu na inayoua. Lisitiwe petroli likiwa linanguruma. Liwasheni mara moja kabla ya sherehe. Jenereta ambalo halijawashwa tangu muhula uliopita siyo akiba.

Sauti iwe ya kiasi gani? Wataalamu wa afya kazini hukadiria kuwa sikio huvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu, kwa hiyo desibeli 100 ni dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa viwango vya kumbi za muziki: wastani usizidi desibeli 100. Kwa watoto mimi nakomea 90, na programu ya bure kwenye simu hunipa makadirio ya kutosha. Asiye na programu atumie mkono wake: kama mtu aliye umbali wa mkono mmoja hakusikii mpaka upige ukelele, punguza. Spika zizungushiwe kamba, mtu asicheze ndani ya hatua mbili kutoka kwazo. Taa za kumetameta nazo zisizidi mimweko mitatu kwa sekunde, maana mimweko ya haraka huweza kumwangusha mwenye kifafa, na wengine huwa hawajijui kuwa nacho hadi usiku huo.

Milango

Sikukuu ya Idd el-Fitr ya mwaka 2008, Tabora, watoto wapatao 20 walikufa katika disko toto. Ukumbi ulijazwa kupita uwezo wake, hewa ikakosekana, wakakanyagana. Walikuwa wamevaa nguo zao za sikukuu. Kila ninapoona mwalimu amefunga mlango wa pili wa bwalo kwa mnyororo “ili wasitoroke”, huikumbuka Tabora, na namwomba ufunguo.

Fanya hivi. Pima bwalo, toa eneo la meza, la DJ na la chakula, na kila mita moja ya mraba inayobaki hesabu mtu mmoja. Bwalo letu lina mita 200 za mraba. Baada ya kutoa, zinabaki 150. Shule ina wanafunzi 410. Kwa hiyo hatufanyi disko moja, tunafanya awamu tatu, mbili za vidato vya chini mchana na moja ya vidato vya juu usiku, au tunahamia uwanjani. Mkuu mpya wa shule akishangaa, mwonyeshe hesabu.

Milango yote ifunguliwe, na kila mmoja uwe na mtu mzima asiyeondoka. Anayehofia kutoroka aweke walinzi getini na kwenye uzio, si mnyororo bwaloni. Madirisha yawe wazi. Tochi nne za kuchaji ziwe mikononi mwa viranja, kwa sababu umeme ukikatika sekunde za kwanza ndizo za hatari: mtu mmoja akikimbia, wote hukimbia. Tuliwafundisha viranja wetu kwamba taa zikizimika wasimame walipo, wawashe tochi kuelekeza darini, na waanzishe wimbo wa shule. Umeme umekatika mara mbili tangu hapo. Mara zote mbili waliimba.

Karatasi ya DJ na vibali

DJ apewe mkataba wa ukurasa mmoja. Saa ya kufika na kufunga vyombo, siyo saa ya kuanza. Sisi humtaka awe amefunga saa mbili kabla ya mgeni wa kwanza. Vifaa anavyoleta, kimoja kimoja. Orodha ya nyimbo imeambatanishwa. Simu yenye laini haiunganishwi kwenye miksa. Haleti marafiki, msaidizi mmoja anatosha, na jina lake liko getini. Hanywi. Hapokei ombi la wimbo kutoka kwa mwanafunzi, maana ndiyo mlango wa nyuma wa zile mlizozifuta. Malipo nusu mwanzo, nusu baada ya kufungua vyombo. MC naye apewe yake, na iandikwe kwamba utani wa maumbile, makabila na wapenzi hauna nafasi. MC wa harusi akihamishiwa shuleni bila kuelezwa, vichekesho vyake vya harusi huja navyo.

Sherehe ya ndani ya shule, isiyo na kiingilio, ni suala la mkuu wa shule na bodi, pamoja na kuuarifu uongozi wa mtaa au kijiji. Mkitaka kuuza tiketi, kualika msanii au kufungua geti kwa watu wa nje, anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Atakueleza kuhusu BASATA, na kuhusu COSOTA inayosimamia hakimiliki chini ya sheria ya mwaka 1999. Zanzibar kazi hizo hufanywa na BASSFU na COSOZA. Nenda mwezi mmoja kabla.

Mahafali

Mahafali ya kidato cha nne, yanayofanyika sana Septemba na Oktoba kabla ya mtihani wa Novemba, ni sherehe nyingine kabisa. Ni ya mchana, ya wazazi, na muziki wake ni wa kujaza mapengo, kwa kuwa mgeni rasmi atachelewa. Andaa saa nzima ya nyimbo za kusubiria zisizo na maneno mengi, za dini zote, na kwaya ya shule iwe tayari kuimba mara mbili zaidi ya ilivyoandikwa kwenye ratiba.

Pengo kubwa ni la kuingia. Wahitimu 120 wakiingia wawili wawili ni jozi 60. Siku hizi hawatembei, wanacheza, na kila jozi itachukua sekunde 8 kupita mlangoni. Hiyo ni dakika 8. Wimbo waliochagua ni wa dakika tatu na nusu. Nimeona mahafali ambako wimbo uliisha jozi ya ishirini na sita ikiwa katikati ya zulia, na jozi 34 zikaingia kimya, kila mmoja akitazama viatu vyake, wazazi wao wameinua simu kuwarekodi. Fanyeni mazoezi kwa wimbo wenyewe, mkiwa na saa mkononi, na DJ auunganishe wimbo huo mara tatu mapema.

Risala na ngonjera zikisomwa, muziki wa chini chini uzimwe kabisa. Wazazi wamesafiri kumsikia mtoto wao, na maiki za kukodi hazina nguvu ya kushindana na kinanda.

Kama sherehe yenu ni mwezi ujao, DJ mpigieni kesho. Leo nenda bwaloni na futi kamba, pima sakafu, hesabu milango, na uulize ufunguo wa ule wa nyuma yuko nao nani.